Vipuri Viwili vya Jina Moja

Kilindoni, Mafia
22 Januari 2024

Mwanangu Zubery,

Hujambo wewe, na mkeo hajambo? Sisi tupo. Joto la huku unalijua, sina haja ya kukusimulia.

Leo sikuandikii kwa ajili ya salamu. Asubuhi nimefungua programu ya kuigizia saketi kwenye kompyuta, wanafunzi wamejipanga nyuma yangu, nikaita saketi yetu ya kontrola ya sola. Programu ikanijibu kwamba modeli haipo. Nikadhani ni macho yangu. Nikatafuta mosfeti yetu, Z44 Feki, haipo. Relei Feki, haipo. Modeli zote nilizozipima kwa mkono kwenye meza hii, wewe mwenyewe ukinishikia nyaya za mita ulipokuwa mwanafunzi wangu, zimefagiwa. Kwenye maktaba ya vipuri imebaki Z44 moja tu, ile ya kiwandani, isiyo na kasoro.

Sasa hiyo ya kiwandani, niambie, imewahi kufika lini kisiwani? Inayofika huku imeandikwa Z44 mgongoni kama mwenzake na ina miguu mitatu kama mwenzake, ila ukiipa nusu ya mzigo ulioandikwa inapata moto huwezi kuigusa. Ndiyo maana niliitengenezea modeli yake, ili mtoto akichora kwenye kompyuta aone kile kile atakachokutana nacho mezani. Na ndiyo maana kwenye kontrola yetu tunaweka mosfeti mbili, swichi mbili za umeme badala ya moja, zisaidiane mzigo. Haya yote unayajua. Au ndiyo yale yale, watu wa Bweni mkishavuka maji mnajifanya mlizaliwa ghorofani?

Mtafute huyo aliyefagia umwambie azirudishe kabla sijapanda boti kuja kumtafuta mwenyewe. Nyumba za kijiji cha Kanga zinasubiri kontrola zao.

Mwalimu wako,
Clotilda

*

Dar es Salaam
25 Januari 2024

Shikamoo Mwalimu,

Huku wazima, mtoto ameanza kutambaa na anavuta kila waya anaouona, nadhani atakurithi wewe.

Usipande boti. Aliyefagia ni mimi. Tangu nikabidhiwe usimamizi wa maktaba ya vipuri hapa ofisini, hiyo mnayoitumia hadi huko karakana, nimekuwa nikiisafisha, maana ilikuwa imejaa vitu vinavyojirudia. Z44 mbili, relei mbili, kila kitu na pacha wake. Wageni wanaofadhili mradi wetu wa sola vijijini walikuja kukagua, wakaliona neno feki, wakauliza kama kampuni inawajengea wananchi kwa vitu feki. Bosi alinigeukia mimi. Wewe ungesema nini hapo? Maktaba si gulio, Mwalimu. Jina moja, kipuri kimoja. Saketi zako zote nimeshazielekeza kwenye Z44 ya asili, hutauona tena ule ujumbe wa kwamba modeli haipo.

Halafu, kwa heshima zote, mosfeti mbili ni za nini? Nimeijaribu kontrola kwa moja, nikaiachia mzigo wote, imekaa baridi kabisa. Kwa moja bodi inakuwa ndogo na inaingia kwenye kasha jipya bila kulazimisha. Mchoro mpya nitautuma wiki hii. Kuhusu ubora wa vipuri, nitazungumza na watu wa manunuzi walete vya asili.

Ukipata senene kutoka kwenu Bukoba usinisahau, ingawa najua mnawanyima hata wageni wenu.

Mwanao,
Zubery

*

Kilindoni
29 Januari 2024

Zubery,

Marahaba. Senene hupati.

Unasema imekaa baridi. Imekaa baridi wapi? Kwenye kompyuta. Umeijaribu saketi kwa kipuri ambacho sina, halafu unanipa majibu nikayatumie kwa kipuri nilicho nacho. Nilikufundisha mimi huo ujinga? Watu wa manunuzi wakileta vya asili nitawapigia makofi hadi viganja vipate malengelenge. Mpaka siku hiyo, kontrola haitoki humu ndani na mosfeti moja.

Kama neno feki linawaudhi wageni wako, badilisha neno. Usifute kitu kwa sababu jina lake linakuaibisha.

Nilikuwa sijamaliza barua hii nilipopigiwa simu kutoka nyumbani. Kaka yangu Sadock amefariki. Nimeandika mistari ya juu nikiwa na hasira na sasa sina hata nguvu ya kuifuta. Kesho nasafiri. Karakana nimemwachia dada yako Mize. Ana mkono mzuri wa kulehemu kuliko wote niliowafundisha, na wewe umo, usinune. Nimemwambia bodi za Kanga zisubiri nirudi. Tafadhali usimsumbue.

Clotilda

*

Kilindoni
16 Februari 2024

Kaka Zubery,

Shikamoo. Wifi hajambo? Mtoto ananijua kwa picha au mmeshanisahaulisha?

Kazi uliyonipigia simu nimeimaliza. Kusema kweli mwanzo nilisita, kwa sababu Mwalimu aliniachia neno kwamba tusubiri arudi. Lakini uliponiambia umezungumza naye huko msibani na ameridhia mosfeti moja, nikaona basi, yameisha. Sikutaka kumpigia simu mtu aliye matangani kumhojihoji habari za bodi.

Zimetoka ndogo, zinapendeza. Nimezifunga mwenyewe Kanga, nyumba kwa nyumba. Kwa Bi Arafa, yule bibi mjane wa nyuma ya msikiti, nimemfungia taa na feni. Alinikaanga samaki na kunilazimisha nile wote, kisha akaniombea dua nipate mume mwenye akili. Nikamwambia bibi, omba kwanza kontrola ikae miaka kumi, mume atajileta.

Ila kaka, nilipogusa mosfeti baada ya feni kuzunguka kidogo niliikuta ina joto. Huenda ni hili jua la mchana na bati la kasha. Wewe umesema kwenye kompyuta inakaa baridi, basi nimeiacha.

Mama anakusalimu. Anasema watu wa Bweni wanakusifia kwake hadi anaona haya kwenda kuteka maji.

Mdogo wako,
Mize

*

Kilindoni
2 Aprili 2024

Zubery,

Nimerudi. Msiba ulinishika kuliko nilivyodhani, watoto wa marehemu ni wadogo na ndugu wengi wa maneno. Siku zote hizo wewe hata simu ya pole hukunipigia. Niseme nini, watu mna kazi.

Nimekuta nyumba ya Bi Arafa wa Kanga haipo. Kontrola imeshika moto watu wakiwa wanafuturu, feni inazunguka na taa zote zinawaka. Makuti unayajua yanavyokula moto. Bibi wamemtoa akiwa hai, lakini mkono wa kushoto umeungua hadi kiwikoni. Amebaki na kanga aliyojifunga na godoro moja.

Ofisi yako ilileta wakaguzi. Hawakufungua hata kasha moja katika nyumba zilizobaki. Walifungua kompyuta. Wakaita saketi kutoka kwenye maktaba yako safi, wakaiendesha, ikakaa baridi, wakatikisa vichwa. Mchoro ni mzima, wakasema, basi kosa ni la aliyelehemu. Nikawaambia kipuri ni feki na modeli yake ilikuwemo humo humo. Wakaniuliza, iko wapi? Nikachukua mosfeti nikaipima mbele yao hadi ikatoa harufu. Wakasema mimi ni mhusika, vipimo vyangu havihesabiki.

Mize amesimamishwa. Amekatazwa kukanyaga karakana na kugusa kazi yoyote ya mradi.

Nilimuuliza kwa nini alifunga moja wakati nilimwambia asubiri. Akanijibu kwamba alijiamulia. Mtoto yule hajawahi kujiamulia hata rangi ya waya bila kuniuliza. Kuna kitu ananificha na sitaki kukitaja kabla hujakitaja wewe. Kontrola zilizobaki Kanga nimezizima zote kwa mkono wangu, na watu wakanisindikiza kwa matusi.

Barua zako ninazo. Nilishajiandaa kuzipeleka kwa wakaguzi, Mize akanizuia mlangoni, akasema kaka yangu atasema mwenyewe, Mwalimu, mpe nafasi. Basi nafasi ni hii. Waambie kwamba modeli zilikuwepo, na kwamba wewe ndiye uliyeziondoa. Mtoto arudishiwe jina lake na kazi yake. Sikuombi kitu kingine.

Clotilda

*

Dar es Salaam
15 Aprili 2024

Mwalimu Clotilda,

Shikamoo. Pokea pole zangu za dhati kwa msiba wa kaka yako, na samahani kwa kuchelewa.

Nimesikitishwa sana na tukio la Kanga. Hata hivyo, naomba tuliangalie jambo hili kwa utulivu. Ripoti imeandikwa na timu nzima, na si busara mtu mmoja kusimama kuipinga. Ikumbukwe pia kwamba modeli zile hazikufutwa kama unavyosema, ziliunganishwa, kwa utaratibu ulioidhinishwa na uongozi. Maamuzi ya mwisho ya ufungaji yalifanyika huko huko karakana.

Mwalimu, wewe ni mama yangu, nikuambie kama mama. Mimi hapa nina mke na mtoto, na dawa za sukari za Mama zinatoka mfukoni mwangu. Nikiondolewa, ni nani atamshika? Mize ni mdogo, hana familia, ana maisha marefu mbele yake. Jambo kama hili kwake ni upepo, litapita. Kwangu halitapita.

Naomba zile barua zibaki kati yetu.

Wako mtiifu,
Zubery

*

Bweni
20 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Naituma hii kwa mkono wa mtu kwa sababu simu zangu hupokei.

Nimerudi nyumbani. Kila nikienda Kilindoni lazima gari ipite Kanga, na Kanga sasa nina jina. Wananiita Mize Kiberiti. Juzi nilishuka pale kununua maji, mwanamke mmoja akamvuta mwanawe, akasema njoo huku, usimguse huyo, tutalala nje leo. Watu wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Jina si kitu, kaka. Huku kwetu kila mtu ana lake. Kinachonikereketa ni kwamba mimi ninajua kulehemu. Ndicho kitu pekee duniani ninachokijua vizuri. Nikiamka asubuhi mikono inatafuta kazi, halafu nakumbuka kwamba kuna karatasi iliyosainiwa inayosema sijui.

Ile simu yako sijamwambia mtu. Si Mwalimu wala Mama. Usidhani nakuogopa. Nimenyamaza kwa sababu nataka useme wewe. Nikisema mimi nitakuwa nimekusengenya, na Mama atalazimika kuchagua amwamini mtoto gani. Ukisema wewe, utakuwa umekosea tu, na kukosea kila mtu anakosea. Hata ukisema mlikuwa wengi, sawa. Hata ukisema hukukusudia, nami najua hukukusudia. Ila lile la kwamba Mwalimu ameridhia lilikuwa la uongo, kaka, na ulilijua ukiwa unalisema.

Nataka jambo moja. Mwambie yeyote unayemuweza, wa ofisini au wa Kanga, kwamba nililehemu sawasawa. Nakusubiri.

Mize

*

Dar es Salaam
3 Julai 2024

Mdogo wangu Mize,

Assalaam alaykum. Samahani kwa kimya, kazi zilinibana. Lakini leo nina habari njema, na nimetaka uwe wa kwanza kuzipata.

Modeli za Mwalimu zimerudi kwenye maktaba! Haikuwa rahisi. Nilikaa na bosi mara kadhaa, nikamweleza kwamba mchoraji anahitaji kujua saketi yake itavumilia vipi ikikutana na vipuri hafifu. Neno feki alilikataa kabisa, kwa hiyo ikabidi tutafute jina jingine. Nikapendekeza mimi: tumeliita fungu hilo MAFIA, kwa heshima ya nyumbani. Sasa mtu akitaka kuijaribu saketi kwa hali ngumu anachagua Z44 Mafia. Ofisi nzima wamelipenda. Siku hizi hata kiti kikivunjika wanasema hiki nacho cha Mafia, tunacheka.

Muhimu ni kwamba hakuna nyumba nyingine itakayoungua, inshallah. Hilo ndilo tuliangalie.

Kuhusu ripoti, imeshafungwa, na kuifungua tena ni kuwachokoza watu bure. Ila sijakusahau. Nimekuombea nafasi hapa ofisini, mapokezi. Ni kazi safi, unakaa kwenye kiyoyozi, hakuna moshi wa kulehemu. Utakaa kwetu. Mfikishie Mwalimu habari za modeli, najua atafurahi.

Kaka yako,
Zubery

*

Kilindoni
9 Julai 2024

Zubery,

Mize amenipa habari zako njema, nikafungua kompyuta nizione.

Ni modeli zangu. Namba zote ni zangu. Hata kosa langu la tarakimu kwenye relei, ambalo nilikuwa nikisema kila siku nitalirekebisha, limo vile vile. Hukuzitengeneza upya, kwa sababu kama ungepima ungeliona. Maana yake ulizihifadhi tangu siku ile uliyoziondoa. Wakaguzi waliponiuliza iko wapi, nikabaki nimesimama kama mwongo mbele ya wanafunzi wangu, ilikuwa kwenye kompyuta yako. Ungeweza kuwaonyesha. Ukamwacha dada yako aondolewe, ukangoja mambo yapoe, kisha ukazitoa kama zawadi.

Halafu jina. Vipuri vile vinatoka huko mjini kwenu. Sisi tunavipokea tu, kwa sababu hatuletewi vingine. Vimekuja huku vikamchoma mkono bibi wa watu, na wewe ukavipa jina la huku. Leo Sabra, binti wa mwaka wa kwanza, wa Kirongwe, ameisoma orodha ya vipuri kwenye programu kwa sauti, akaniuliza, Mwalimu, Mafia maana yake mbovu? Nikatoka nje. Mimi wa kuja nimeona aibu, na wewe, ambaye kitovu chako kimezikwa Bweni, ulilipendekeza mwenyewe.

Nimekulea kwenye meza hii na nilikupenda, nakwambia ili ujue kilichokwisha. Kesho kutwa naenda Bweni kumwambia Mize kwamba sitanyamaza tena. Nikitoka hapo barua zako nazipeleka Kanga na ofisini kwenu, atake asitake.

Clotilda Kokuhirwa

*

Bweni
12 Julai 2024

Kaka,

Mwalimu alifika jana na barua zako mkononi. Nimemrudisha. Alikasirika sana, nikampikia, hakula. Lakini amechelewa, na wewe pia umechelewa.

Nilipoisoma barua yako ya mapokezi nilielewa kwamba hutasema. Sikulia. Nikajitanda, nikaenda Kanga kwa miguu yangu, mchana kweupe, nikauliza Bi Arafa anakaa wapi siku hizi. Yuko kwa binti wa dada yake, chumba cha uani. Mkono umepona lakini umejikunja, vidole havifunguki. Hakunifukuza. Akaniambia, kaa, mwanangu, kisha akaniuliza, ni kitu gani kilichoniunguzia nyumba?

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia kuna vipuri viwili vya jina moja, bibi, kimoja kizima na kimoja hafifu, na kwenye kompyuta kuna maktaba. Nikaona maneno yangu hayampati. Hakuwa akiuliza habari ya kitu. Nyumba yake imeungua, wakubwa wamekuja na kuondoka, wameandika, wamesaini, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyemwambia kwa kinywa chake, ni mimi.

Nikamwambia, ni mimi, bibi. Nisamehe.

Akalia. Nami nikalia, na yule binti wa dada yake, na majirani waliokuja kuchungulia. Akaniwekea ule mkono wake kichwani, akasema amenisamehe duniani na akhera, na waliosikia wawe mashahidi. Jana nilipomsindikiza Mwalimu, gari ilipopita Kanga hakuna aliyeniita Kiberiti. Mwanamke mmoja alinipa embe.

Kwa hiyo mambo yamekwisha kama ulivyotaka. Ofisi yenu imefunga ripoti, na Kanga nao wamefunga. Mwalimu akienda na barua zako sasa, watamuuliza za nini, mwenyewe si amekiri? Nimemwambia azichane. Sijui kama atazichana.

Ila ujue, kaka, ule msamaha haukuwa wangu. Ulikuwa wako. Bi Arafa alikaa nao tangu Ramadhani, angempa yeyote ambaye angefika na kusema neno. Hukufika, nikauchukua mimi. Siku utakapouhitaji usiende Kanga kuutafuta. Yule bibi hakujui, atakushangaa unaomba nini, na akikuelewa atakwambia jambo hilo alishasamehe, aliyelifanya alikuja.

Mapokezi siji. Mama anauliza utakuja lini. Nimemwambia una kazi nyingi.

Mize